Kazi ya ugani Rungwe: kamera isiyo na kioo au kamera ndogo ya mfukoni?

BwanaShamba_Tukuyu

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni afisa ugani katika Wilaya ya Rungwe. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuzunguka mashambani kwa pikipiki, kukagua viazi mviringo, migomba, parachichi na chai, kisha kupeleka taarifa zenye picha kwa watu wenye ujuzi mkubwa kuliko wangu ili wathibitishe ugonjwa ninaoushuku. Kwa miaka kadhaa nimetumia simu, nami siidharau, kwa kuwa imesaidia kuokoa mazao mengi. Lakini msimu uliopita nilipeleka picha za majani ya viazi ambazo hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama madoa yale yalikuwa ya bakajani tangulia, ambayo huwa na miviringo iliyozungukana ndani ya doa moja, au ya bakajani chelewa, ambayo doa lake huonekana kama limelowa maji na upande wa chini wa jani huota utando mweupe asubuhi kabla jua halijapanda. Simu ilikuwa imelainisha picha kwa utaratibu wake yenyewe, na kile hasa kilichotakiwa kuonekana ndicho kilichofutika. Majani yenyewe yalipowafikia wataalamu siku kadhaa baadaye, mkulima yule alikuwa ameshapoteza zaidi ya nusu ya shamba. Jambo hilo limeniuma, na sitaki litokee tena kwa sababu ya picha.

Nimejiwekea akiba ya shilingi milioni mbili na laki tatu. Kwa muuzaji mmoja mjini Mbeya nimeona kamera mbili zilizotumika kidogo, na bei zake zinakaribiana. Ya kwanza ni Canon EOS R50, kamera isiyo na kioo cha ndani na inayobadilishwa lenzi, ikiwa na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 45. Ya pili ni Canon PowerShot G7 X Mark III, kamera ndogo ambayo lenzi yake haibanduki na ambayo inaingia kwenye mfuko wa koti.

Matumizi yangu makubwa ni picha za majani, matunda na mashina kwa ukaribu. Baada ya hapo ni mikutano ya vikundi vya wakulima, ambayo mara nyingi huanza jioni watu wakitoka shambani, katika ofisi ya kijiji yenye balbu moja. Mara chache ni sherehe za watumishi wenzangu. Anayeishi Tukuyu anajua pia kwamba mvua yetu, ambayo kwa mwaka huzidi milimita 2,000, si ya kujibanza barazani ukisubiri ipite. Watu wawili wameniambia nisipoteze fedha kwenye kamera ndogo, kwa kuwa R50 ina kihisi kikubwa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuufanya picha, na kihisi kikubwa hushinda siku zote. Je, ni kweli kwa kazi kama yangu? Naomba ushauri wa watu waliozitumia.

MwalimuFizikia_Mbeya

Ndugu Bwana Shamba, nafundisha fizikia hapa Mbeya na nimekuwa nikipiga picha kwa mapenzi tu kwa muda mrefu. Waliokuambia hivyo wamesema kweli kuhusu kihisi, ila wamesahau kwamba mbele ya kihisi kuna lenzi, na hakuna mwanga unaokifikia kihisi bila kupita hapo.

Tuanze na vipimo. Kihisi cha R50 ni cha aina ya APS-C, chenye upana wa milimita 22.3 na kimo cha milimita 14.9. Kihisi cha G7 X Mark III huitwa cha inchi moja, jina lililorithiwa kutoka kwenye mirija ya kamera za televisheni za zamani, kwa maana hakuna upande wake wowote unaofika inchi moja. Vipimo vyake ni milimita 13.2 kwa 8.8. Ukizidisha, utaona kwamba eneo la kwanza ni milimita za mraba 332 na la pili ni 116, yaani kihisi cha R50 ni kikubwa karibu mara tatu. Kama lenzi za kamera hizo zingekuwa na tundu la kupitishia mwanga linalolingana, R50 ingekusanya mwanga karibu mara tatu, na mjadala ungeishia hapo.

Lenzi hazilingani. Ile ya 18 hadi 45 inayouzwa pamoja na R50 huanzia f/4.5 na kuishia f/6.3, ilhali ya G7 X huanzia f/1.8 na kuishia f/2.8. Namba hiyo hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu, ndiyo maana namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na mwanga hubadilika kwa kipeo cha pili cha namba hiyo. Gawanya 4.5 kwa 1.8 upate 2.5, kisha zidisha 2.5 kwa yenyewe upate 6.25. Kila milimita ya mraba ya kihisi cha G7 X hupokea mwanga mara sita na robo kuliko ile ya R50. Hata ukiondoa ile faida ya ukubwa wa kihisi, kamera ndogo inabaki na mwanga wote kwa jumla mara mbili na ushei.

Lazima niseme jambo moja kwa haki. Kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, G7 X huanza na mwoneko mpana wa milimita 24, na lenzi ya R50 huanza kwenye 29 hivi; milimita zikiwa chache, kamera huona eneo pana zaidi. Kadiri G7 X inavyovuta mbele ndivyo tundu lake linavyopungua, kwa hiyo ukizilinganisha kwa mwoneko ulio sawa, faida yake inashuka chini ya mara mbili. Inashuka, lakini haiishi. Katika ofisi ya kijiji yenye balbu moja, R50 ikiwa na lenzi yake ya kawaida haitaishinda G7 X, nami ningependa watu walijue jambo hili kabla ya kutoa fedha zao, kwa sababu dukani haliambiwi mtu.

Hesabu hugeuka siku utakapoongeza lenzi ya pili. Lenzi ya Canon RF ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ni nyepesi, gramu 160, na ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa katika jamii hiyo. Kwenye R50 inatoa mwoneko wa milimita 80. Katika mwoneko huo G7 X imeshafika f/2.8, na hapo R50 inakusanya mwanga karibu mara saba kuliko kamera ndogo. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama unaitaka R50; jiulize kama katika mwaka mmoja ujao utakuwa na fedha ya lenzi nyingine. Ukijibu hapana, sehemu kubwa ya ulichokilipia itakaa bure.

Sasa nije kwenye majani, ambayo ndiyo kazi yako hasa. Hapa kihisi kidogo kina faida ambayo watu huihesabu kuwa kasoro. Unapokaribia kitu, kina cha ukali, yaani umbali kutoka mbele hadi nyuma ambao picha inaonekana kali, hupungua sana. Mpiga picha wa harusi hufurahi nyuma ya bibi arusi pakififia. Wewe unataka jani lote, lililojikunja na lenye mawimbi, lionekane kali kutoka ncha hadi kikonyo. Kwa picha iliyopangwa namna moja, f/11 kwenye R50 hutoa kina kinacholingana na f/6.5 hivi kwenye G7 X. Maana yake kamera ndogo inakupa kina kilekile huku tundu likiwa limefunguka zaidi, na shata, yaani pazia linaloruhusu na kuzuia mwanga, inaweza kwenda kasi zaidi jani likiwa linatikiswa na upepo.

Kuhusu ukaribu wenyewe, G7 X inaweza kulenga kitu kilicho sentimita 5 kutoka kwenye lenzi, lakini ikiwa kwenye mwoneko mpana tu. Ukivuta hadi mwisho inahitaji sentimita 40. Kwa sentimita 5 kamera inaweza kulitia jani kivuli, na umbo la jani linavutika pembeni. Lenzi ya R50 ikiwa kwenye milimita 45 hufikia ukuzaji wa 0.16, yaani kitu huangukia kwenye kihisi kikiwa na asilimia 16 ya ukubwa wake halisi. Ukigawanya upana wa kihisi, 22.3, kwa 0.16, unapata takriban milimita 139 za jani zinazojaza picha yenye nukta (pikseli) 6,000 kwa upana. Hizo ni nukta 43 kwa kila milimita. Doa la bakajani tangulia lenye kipenyo cha milimita 8 litakuwa na nukta 340 na zaidi, ambazo zinatosha kuonyesha miviringo yake bila shaka yoyote. Kwa majani, basi, kamera zote mbili zitakutosha, na kilichokukwamisha kwenye simu ni ule ulainishaji uliousema. Ukipiga kwa faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata, badala ya JPEG, ulainishaji huo unakuwa uamuzi wako.

Weka rula kando ya jani kila mara, na kipande cha karatasi nyeupe ili rangi ya njano isibishaniwe.

DadaPicha_Iringa

Kaka Bwana Shamba, pole kwa yaliyompata mkulima wako. Mimi napiga picha za harusi, sendofu na mahafali hapa Iringa, na nilianza na kamera ndogo yenye kihisi cha inchi moja kabla ya kuhamia kwenye kamera isiyo na kioo. Hesabu za Mwalimu sizipingi. Ningependa kuongeza mambo ambayo hayamo ndani ya hesabu hizo, kwa sababu mimi yalinigharimu.

La kwanza ni jua. G7 X Mark III haina kitundu cha kuchungulia. Unatazama skrini peke yake. Niliwahi kuwapeleka maharusi Isimila kuwapiga picha kati ya zile nguzo za udongo, saa saba mchana, mwezi wa kumi, nikiwa na kamera ndogo ya namna hiyo. Skrini ilikuwa kama kipande cha bati. Sikuweza kujua kama nyuso zao zimekaa sawa wala kama mwanga umezidi, na niliporudi mjini nilikuta picha nyingi zimeungua sehemu ya anga. R50 ina kitundu cha kuchungulia, na jicho likishafunika pale jua halina habari nawe. Afisa ugani hufanya kazi zake juani kuliko mtu yeyote, hivyo lifikirie jambo hili kwa uzito.

La pili ni kulenga. R50 hulenga kwa nukta zilizotandazwa kwenye kihisi chenyewe, zinazopima umbali moja kwa moja, na humfuata mtu kwa jicho lake hata akitembea. G7 X Mark III hulenga kwa kutafuta, yaani husogeza lenzi mbele na nyuma mpaka picha iwe kali. Kwa jani lililotulia hakuna tatizo. Kwa bibi arusi anayeingia kanisani, au mkulima anayesimama kuongea huku akirusha mikono, kamera ndogo huchelewa, na gizani huchelewa zaidi. Mwanga wa f/1.8 hauna msaada kama picha ilipigwa kabla lenzi haijatulia.

La tatu ni fleshi. G7 X ina fleshi yake ndogo inayoruka juu, lakini haina mahali pa kuchomeka fleshi kubwa. Mimi kwenye ukumbi wenye dari jeupe hugeuza fleshi itazame juu, mwanga ukarudi chini umepoa, na watu wote wakaonekana. Kwenye R50 unaweza kufanya hivyo, ingawa baadhi ya fleshi za zamani za Canon zinahitaji adapta maalumu, kwa hiyo ulizia kabla hujanunua.

Kuna na R100, ambayo hupatikana kwa bei ya chini zaidi na inatumia lenzi hizohizo. Skrini yake haigeuki na haipokei mguso, na kwa mtu anayetaka kupiga upande wa chini wa jani bila kulala kwenye tope, naona ni heri kuongeza fedha kidogo.

Kwa jumla mimi ningechukua R50 na kuvumilia giza kwa miezi michache huku nikitafuta lenzi ya pili. Kamera ndogo siku ukifika mwisho wake, hakuna cha kuongeza.

Fundi_Mwanjelwa

Nawasalimu. Nimetengeneza kamera hapa Mwanjelwa kwa miaka kadhaa, na nitasema kuhusu kinachozileta mezani kwangu, kwa sababu wenzangu wamezungumza kana kwamba kamera zinaishi mahali pakavu.

Kwanza, hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyozibwa dhidi ya mvua na vumbi. Kwa Rungwe hilo ni jambo la kutangulia mengine yote. Kamera ndogo ina lenzi inayotoka na kuingia kila unapoiwasha na kuizima, na kila inapofanya hivyo hupumua kama pampu ya baiskeli: huvuta hewa ndani, na vumbi pamoja nayo. Vumbi likitua kwenye kihisi, mwenyewe huna njia ya kulifikia. Ni kazi ya kufungua kamera yote, skrubu baada ya skrubu, na si kila fundi atairudisha ikiwa salama. R50 nayo hupata vumbi pale unapobadilisha lenzi, lakini unaitoa lenzi, unainamisha kamera uso wake utazame chini, unapuliza kwa kipulizio cha mpira, na mara nyingi imekwisha. Usipulize kwa mdomo, kwani mate ni mabaya kuliko vumbi.

Pili ni kuvu. Lenzi nyingi ninazoletewa kutoka Tukuyu na Busokelo zina nyuzi nyeupe ndani yake, mfano wa utando wa buibui. Kuvu hupenda giza na unyevu, na begi la kamera lililofungwa kabatini ndilo nyumba yake. Likikaa muda mrefu, hula ule mpako wa kioo, na hapo hata likisafishwa alama hubaki. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana barabara, weka ndani yake silika geli ya kutosha, na kamera ikae humo kila usiku. Punje zile zinazobadilika rangi zikishanyonya maji, zikaushe kwenye kikaango juu ya moto mdogo wa mkaa hadi rangi yake irudi. Msitumie mchele, kwa kuwa huacha vumbi la wanga, na wanga ni chakula cha kuvu.

Kwa wanaopanda Kitulo au kuishi Makete na Njombe, kuna na ule umande wa ndani. Kamera iliyoshinda kwenye baridi ukiiingiza ghafla kwenye nyumba yenye moto, hutoka jasho hadi ndani ya lenzi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uingie nayo, na usiufungue mpaka ipate joto la chumba.

Tatu ni pikipiki. Usiifunge kamera kwenye keria. Mtikisiko hulegeza skrubu na huharibu kile kifaa kidogo ndani ya lenzi kinachotuliza mikono. Ibebe mgongoni au kifuani, mwili wako uupokee mtikisiko kwanza.

Na kwa kuwa umesema mvua si ya kusubiri, nashangaa hakuna aliyeitaja Olympus TG-6 ya mwaka 2019. Ni kamera ndogo isiyoingia maji hata kwenye kina cha mita 15, na imeundwa ivumilie kuanguka kutoka mita 2.1. Lenzi yake haitoki nje kamwe, inalenga kitu kilicho sentimita 1 tu mbele yake, na inaweza kupiga picha kadhaa kwa fokasi tofauti na kuziunganisha yenyewe ili jani lote liwe kali. Ina GPS pia, kwa hiyo kila picha inajua shamba ilikopigwa. Kihisi chake ni kidogo sana, milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, chenye nukta milioni 12. Mchana shambani haina mpinzani kwa kazi kama yako. Jioni chini ya balbu moja itakuaibisha.

BwanaShamba_Tukuyu

Ndugu zangu, nashukuru kwa moyo wote. Sikutarajia kupata mafunzo ya namna hii. Muuzaji, baada ya kumwachia amana, amenikubalia nikae na kamera zote mbili kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, tena akaniazima na lenzi ya milimita 50 aliyoitaja Mwalimu. TG-6 sikuipata Mbeya. Naleta niliyoyaona, kwa kuwa huenda yakamfaa mwingine.

Kwenye majani mambo yalikuwa kama Mwalimu alivyosema. Nilipiga doa lilelile kwa kamera zote mbili, rula ikiwa kando, na kwa zote mbili miviringo ilihesabika. Kwa G7 X nilianza kwa sentimita 5 na kivuli changu kikanisumbua, ndipo nikagundua kwamba nikirudi nyuma kidogo na kuvuta kiasi, kisha nikaikata picha baadaye, napata jani lisilovutika na bado lina maelezo ya kutosha. Kilichobadilisha picha zaidi ya kamera yenyewe kilikuwa upande wa mwanga. Jani likiangazwa kwa ubavu, utando mweupe wa bakajani chelewa hujitokeza kama vumbi la unga. Likiangazwa kutoka mbele hutoweka kabisa. Hilo nilikuwa silijui kwa miaka yote ya kazi yangu, na pengine hata simu ningeitumia vizuri zaidi.

Dada yangu wa Iringa, jua la Jumamosi saa sita lilinionyesha ulichokisema. Skrini ya kamera ndogo niliikinga kwa kofia ndipo nikaona kitu. Kwa R50 sikuhangaika hata kidogo.

Jioni ya Jumamosi tulikuwa na mkutano wa kikundi cha akiba na mikopo. R50 ikiwa na lenzi yake ya kawaida ilitoa picha zenye chengachenga nyingi, na mikono ya wasemaji ilifutika kwa mwendo. G7 X ilitoa picha safi zaidi, ingawa kweli ilichelewa kulenga na nilipoteza picha kadhaa nzuri. Nilipoweka ile lenzi ya milimita 50, R50 ikaipita kamera ndogo kwa mbali. Sura ya mwenyekiti wetu ilitoka vizuri kiasi kwamba ameiomba. Lakini chumba ni kidogo. Mgongo wangu ulikuwa umegusa ukuta, na bado sikuweza kuingiza watu zaidi ya watatu kwenye picha. Kwa mkutano wa watu ishirini na tano, picha ya watu watatu haitoshi kwa taarifa.

Kilichoniamulia kilitokea Jumapili. Mvua ilianza saa tatu asubuhi nikiwa njiani kwenda Isongole na haikukatika hadi alasiri, nami nilipita mashamba manne. Jioni nilipohesabu, nilikuta nimepiga picha 61 kwa kamera ndogo na 14 kwa R50. Kamera ndogo ilikuwa ndani ya koti la mvua, natoa kwa mkono mmoja chini ya kofia, napiga, narudisha. R50 ilikuwa begini, na kila mara nilijiambia kwamba nitaitoa mvua ikipungua. Mashamba mawili kati ya yale manne hayana picha yoyote ya R50, na mojawapo ndilo lililokuwa na mnyauko wa migomba.

Kwa sababu hiyo nitachukua G7 X. Dada, nimeuzingatia ushauri wako, na kama ningekuwa na sherehe kila mwezi ningeufuata bila kusita. Fundi, kabla sijatoa fedha, nikague nini kwa kamera iliyotumika?

DadaPicha_Iringa

Kwa picha 61 dhidi ya 14 sina la kubishana nalo, kaka. Nunua betri ya pili siku hiyohiyo. Kwa kipimo cha kiwandani betri moja ya G7 X hutoa takriban picha 235, na asubuhi zenu za baridi zitaipunguza zaidi. Ya akiba ikae kwenye mfuko wa ndani wa shati, karibu na mwili.

Fundi_Mwanjelwa

Bwana Shamba, fanya hivi mbele ya muuzaji. Iwashe na kuizima mara kumi mfululizo huku umeisogeza sikioni. Lenzi itoke na kurudi kwa sauti ileile moja, bila kukwaruza na bila kusita katikati. Ivute hadi mwisho, weka f/11, piga ukuta mweupe au anga lenye mawingu ya sare, kisha ikuze picha kwenye skrini na uitembelee kutoka kona hadi kona. Ukiona vidoa vyeusi visivyohama kwenye picha mbili tofauti, hilo ni vumbi la kwenye kihisi, na gharama ya kulitoa ikatwe kwenye bei au uiache. Mulika tochi ya simu kwa ubavu wa lenzi, utazame ndani kwa mshazari utafute nyuzi za kuvu. Fungua kifuniko cha betri, uangalie kama vishikizo vya shaba vina kutu ya kijani. Ikiwapo, kamera hiyo iliwahi kunywa maji, hata kama leo inawaka. Mwisho, inua fleshi na piga nayo mara tano, kwa kuwa watu wengi husahau kuijaribu, nayo ndiyo nimeletewa mara nyingi mwezi huu.

Ikipita hapo, njoo nayo Mwanjelwa kabla hujapanda gari la Tukuyu, nikupe punje za silika geli za kuanzia.